Mbwa Thelathini na Mmoja wa Mwalimu

Barua ilifika ofisini kwetu Jumatatu asubuhi, imepigwa mihuri miwili na mistari yake imenyooka kama iliyopigiwa rula. Ilisema kwamba mtaani kwao kuna mbwa wazururaji thelathini na mmoja, "kwa hesabu iliyofanyika nyumba kwa nyumba," na kwamba mmoja wa mbwa hao amemrarua suruali mwenyekiti wa mtaa, "mahali ambapo heshima hairuhusu kupataja." Mwenye mbwa huyo, barua iliendelea, atatafutwa na atajulikana.

Bosi wangu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mifugo, aliisoma mara mbili kisha akanisukumia.

"Thelathini na mmoja," alisema. "Hao si mbwa tena. Hicho ni kijiji."

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Chuoni nilifunzwa kumlaza fahali kwa kamba moja, kumshika mbwa mkali bila kumuumiza, na kumchoma sindano paka kabla hajajua kinachoendelea. Wanyama hawakunipa shida. Watu ndio walionishinda. Mtu akinikazia macho, maneno yote niliyoyapanga yanarudi tumboni na kujifungia mlango. Bwana Mifugo alilijua hilo, na nadhani ndiyo sababu alinituma mimi.

"Ijumaa saa sita mchana naleta wenye bunduki," alisema. "Sipendi, lakini kichaa cha mbwa hakina msamaha. Una siku nne. Mbwa atakayekuwa amechanjwa, na kadi yake ina saini ya mwenyewe, haguswi. Asiye na mwenyewe, ndiyo basi tena."

"Kwa hiyo nikagonge milango?"

"Milango haiumi, binti."

Ule ulikuwa mtaa wa nyumba kumi na mbili, sita huku na sita kule, na barabara ya vumbi katikati. Nilibeba sanduku la barafu lenye chanjo, daftari, kadi, na kopo la rangi ya bluu ya kupulizia, ile tunayowekea ng'ombe alama. Nilisimama mbele ya mlango wa kwanza kwa muda mrefu hata kuku wa nyumba ile wakanizoea.

Nyumba ile ilikuwa ya fundi cherehani, mama mnene mwenye pini mdomoni. Nilimuuliza kama ana mbwa.

"Mbwa?" alisema bila kuzitoa pini. "Mimi? Mbwa na nguo za wateja wapi na wapi, mwanangu?"

Chini ya meza yake ya kukatia palikuwa na bakuli la bati lililorambwa likang'aa, na mfupa mmoja ndani.

"Na hilo bakuli, mama?"

"La kulowekea shanga."

Sikuwa na ujasiri wa kuuliza shanga gani zinalowekwa pamoja na mfupa. Nilishukuru nikaondoka. Kinyozi, nyumba ya pili, aliniambia yeye hata harufu ya mbwa hawezi, na huku anasema hivyo mbwa mzee asiye na mkia alikuwa amelala kwenye kizingiti chake, kidevu kimewekwa juu ya kandambili ya kinyozi kama mtu aliyelipia kitanda. Bibi wa nyumba ya kona alinikaribisha, akanikalisha, akanipa maji, akaniita mjukuu wangu, kisha akaapa kwamba hajawahi kumwona mbwa mtaani humo tangu ajenge.

Ilipofika jioni nilikuwa nimegonga milango yote kumi na mbili na nimepata wenye mbwa sifuri. Nilielewa sababu. Nani angejitokeza, ilhali Mwalimu anamtafuta mwenye mbwa wa suruali?

Mwalimu ndiye mwenyekiti mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mrefu, kola imefungwa hadi kifungo cha mwisho, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule alikuwa amewafundisha kuzidisha na kugawanya. Hata kinyozi, mwenye mvi, alikuwa akizima redio Mwalimu akipita. Nilipofika kwake alinionyesha karatasi ya hesabu yake. Alikuwa amepita kila nyumba na swali moja, "Mbwa wangapi wanaosimama mlangoni kwako?", akaandika jibu na rangi za mbwa pembeni, akajumlisha.

"Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu," alisema. "Thelathini na mmoja kote kote. Namba hazisemi uongo, binti."

Nilisema ndiyo, Mwalimu. Ningesema nini?

Siku ya pili niliamua kuacha watu na kuanza na mbwa. Nilifika mapema, wakati mtaa unafagiwa, nikachuchumaa kando ya barabara na kutazama pembeni, maana mbwa hapendi kutazamwa usoni, na katika hilo mimi naye ni ndugu. Haukupita muda akaja wa kwanza, dume kubwa la rangi ya udongo, tumbo kama pipa, akaninusa kiganja. Nilimchanja akiwa bado anafikiria kiganja kinanukia nini, nikampulizia rangi ya bluu mgongoni, nikaandika: mmoja. Akaja mweupe mwenye duara nyeusi kuzunguka macho yote mawili. Akaja jike lenye miguu mifupi, myeupe chini kama limevaa soksi. Yule mzee asiye na mkia sikumsubiri, nilimfuata kizingitini, nikamchanja usingizini.

Wanne. Nikasubiri wa tano hadi wa thelathini na mmoja.

Kila mbwa aliyepita alikuwa na rangi ya bluu mgongoni. Niliingia vichochoroni, nikazunguka nyuma ya vyoo, nikachungulia kwenye jalala. Bluu. Bluu. Bluu tena. Saa saba mchana nilikaa juu ya sanduku langu la barafu, nikaanza kushuku jambo ambalo lilinitoa jasho.

Jumatano nilimfuata yule dume wa rangi ya udongo tangu alfajiri, kwa mbali, kama mpelelezi. Saa kumi na mbili na nusu alisimama kwa fundi cherehani. Mlango ulifunguka kiasi cha mkono kupita.

"Shemeji," sauti ilinong'ona, "kula upesi kabla hawajakuona."

Alikula upesi. Saa moja alikuwa kwa kinyozi, ambaye alimwita Kamanda na kumpigia saluti. Kwa bibi wa kona aliitwa Mjukuu, nikaona kumbe cheo changu nagawana na mbwa. Nyumba ya mbele yake alikuwa Bosi, inayofuata alikuwa Simba, kisha Baba Paroko, sijui kwa nini. Kila mlango aliufikia kwa saa yake, akala, akatikisa mkia, akaondoka na uso wa aliyefunga tangu jana. Nilihesabu nyumba tisa. Majina tisa, mbwa mmoja, na tumbo ambalo sasa nililielewa.

Hapo ndipo kilichotokea kikawa wazi. Mwalimu alikuwa ameuliza mbwa wangapi wanaosimama mlangoni, na watu, kwa kumwogopa, walikuwa wamesema kweli. Wale wale. Kila nyumba ilihesabu wale wale, na yeye akawajumlisha.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi, kwa sababu mtu fulani angelazimika kumwambia mwalimu wa hesabu, mbele ya watu aliowafundisha hesabu, kwamba hesabu yake ina kasoro. Na mtu huyo hakuwa na sauti.

Palikuwa na jambo jingine. Kwenye karatasi ya Mwalimu, ambayo nilikuwa nimeinakili, nyumba tatu zilikuwa zimetaja jike la kijivu, na hilo sikuwa nimelichanja wala kuliona. Nililipata alasiri ile, au tuseme lilinipata. Uani kwa Mwalimu lilikuwepo gari lake, limefunikwa turubai. Lilikuwa halijawaka kwa miaka miwili, ingawa Mwalimu alimwambia kila mtu kwamba linangoja kifaa kimoja tu kidogo, na kila Jumamosi aliliosha hadi tairi. Nilipolikaribia, kitu kilinguruma chini yake.

Nililala kifudifudi vumbini, uso pembeni. Jike la kijivu lilikuwa limejikunja nyuma ya tairi la mbele, mbavu nje, na chini ya tumbo lake palikuwa na kitu kinachosogea kama blanketi lenye uhai. Watoto watano, macho ndiyo kwanza yamefunguka.

"Usimwambie Mwalimu," sauti ilisema nyuma yangu.

Alikuwa mke wake, ambaye wote walimwita Mama, ameshika sufuria ya makombo.

"Ndiye aliyemrarua," alisema. "Mwalimu aliingiza mkono chini na tambara lake la kuoshea, akageuka kuchota maji, na huyu akatoka. Hakujua ametokea wapi. Anadhani alivamiwa kutoka barabarani. Mimi namlisha akienda kwenye kikao."

"Mama, kesho kutwa wanakuja na bunduki. Asipokuwa na mwenyewe…"

"Mume wangu ameapa, mwanangu. Mbwa wa suruali aende. Miaka thelathini na minane nimekaa naye, sijawahi kumsikia akifuta jibu alilokwisha kuliandika."

Nilimchanja mama yule wa kijivu kwa mkono mmoja nikiwa nimelalia tumbo. Alinigunia mara moja, kwa adabu, akaniacha. Nikatoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa na mbwa watano waliochanjwa na kadi tano tupu.

Mkutano ulikuwa Alhamisi saa kumi, uani kwa Mwalimu, kwa sababu kulikuwa na benchi na ubao mweusi aliofundishia watoto wa jirani jioni. Nyumba zote kumi na mbili zilikuja. Mama alikuwa amelilisha jike la kijivu mapema ili linyamaze. Mwalimu alifungua kikao, akasoma barua yake yote pamoja na mihuri, kisha akasema, "Binti wa mifugo atatoa taarifa."

Nilisimama. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeandika taarifa nzuri, ina utangulizi na hitimisho, na hakuna hata neno moja lililokubali kutoka. Watu walinitazama. Mtu akakohoa kunisaidia. Ubao ulikuwa karibu, chaki ipo, basi niliwapa mgongo wote nikaanza kuandika, kwa sababu mgongo wangu hauna aibu.

Niliandika: Shemeji. Kamanda. Mjukuu. Bosi. Simba. Baba Paroko. Mnene. Kaka. Mlinzi. Nyuma yangu benchi moja lililia, kisha jingine. Nikachora mstari kutoka kila jina hadi kwa mbwa mmoja niliyemchora pembeni, mwenye doa la chaki ya bluu mgongoni. Chini yake nikaandika tisa. Mbwa wa macho yenye duara, nyumba nane. Mwenye soksi, saba. Mzee asiye na mkia, nne. Jike la kijivu, tatu.

Mwalimu aliinuka, akaja hadi ubaoni. Nilisikia viatu vyake. Alichukua chaki mkononi mwangu.

"Tisa na nane, kumi na saba," alisema polepole. "Na saba, ishirini na nne. Na nne, ishirini na nane. Na tatu."

Akaiacha chaki hewani.

"Thelathini na moja," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Jumla yako ni sahihi, Mwalimu. Hakuna ulipokosea kujumlisha. Ila ni mbwa watano."

Aliutazama ubao kwa muda ambao nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani nimemuua. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, kama mtu ambaye hajafanya mazoezi, hadi akaishika meza.

"Miaka arobaini," alisema, "nimewaambia watoto: kabla hujajumlisha, jua unajumlisha nini. Arobaini." Akawageukia watu. "Na ninyi. Mnasema hamna mbwa, na mbwa mmoja ana majina mengi kuliko chifu. Nani Shemeji?"

Fundi cherehani alitoa pini mdomoni kwa mara ya kwanza wiki ile. "Ni wangu," alisema. "Nisameheni. Tangu mume wangu asafiri ndiye ninayezungumza naye."

"Wako kivipi?" kinyozi alisimama. "Kamanda ni wa kwangu. Analala kwangu."

"Kwako analala yule mzee. Huyu anakuja kwako kunyolewa?"

"Ananilinda dukani."

"Anakulinda na nini, nywele?"

Bibi wa kona aligonga fimbo chini. "Mjukuu wangu hapewi mtu. Mimi ndiye niliyemtoa kupe akiwa mdogo hivi."

Basi mtaa ambao Jumatatu haukuwa na mbwa hata mmoja ukakaribia kushikana mashati kwa ajili ya mbwa. Mwalimu aligonga ubao. Alitoa uamuzi kwamba kadi itasainiwa na bibi wa kona kwa kuwa ndiye mkubwa, na nyumba nyingine nane zitaandikwa nyuma kama jamaa. Kinyozi alisaini ya mzee asiye na mkia huku akimwomba radhi kwa kumkana. Wale wengine wawili walipata wenyewe kabla wino haujakauka. Nilijaza kadi nne.

Ikabaki moja.

"Jike la kijivu," Mwalimu alisoma, na kicheko kikamtoka usoni. "Hili nalijua. Hili ndilo lililonirarua. Lipo kwenye hesabu ya nyumba tatu, na moja ni yangu. Nani anasaini?"

Hakuna aliyesaini. Waliokuwa wakigombana sasa walitazama vidole vyao vya miguu. Mama alinitazama mimi. Kwa macho yale nilijua kwamba hatasema, na kwamba nisiposema, kesho saa sita mchana watoto watano watakuwa wanasubiri kunyonya.

"Mwalimu," nilisema, na safari hii niliwageukia. "Hakukuvamia kutoka barabarani. Alitoka chini ya gari lako. Ana watoto watano nyuma ya tairi la mbele. Uliingiza mkono na tambara, naye hakujua kwamba unaosha tu."

Watu wote waligeuka kulitazama lile turubai. Pale ndipo Mama, aliyekuwa kimya miaka thelathini na minane, aliposema kwa upole:

"Angalau gari limepata abiria."

Sijawahi kusikia nyumba kumi na mbili zikicheka kwa pamoja hivyo. Kinyozi alianguka kwenye benchi. Mwalimu alisimama wima, masikio yamemwiva, akitazama gari lake, akimtazama mke wake, na sikujua kitatoka nini.

"Nionyeshe," aliniambia.

Tukaenda. Ngurumo ikaanza chini. Nilimwambia achuchumae, akachuchumaa, magoti yakilia. Nilimwambia asimtazame usoni, atazame pembeni, aache mkono chini, kiganja juu. Mtu aliyezoea kuona watoto wakiinamisha macho mbele yake aliyainamisha yake, akakaa hivyo vumbini na suruali yake nyingine nzuri. Muda ulipita. Ngurumo ikawa mguno, mguno ukawa pumzi. Pua ya kijivu ikatokea, ikagusa kiganja, ikabaki.

"Wanne," Mwalimu alinong'ona, akichungulia.

"Watano."

Akahesabu tena, kwa kidole. "Watano," alikubali. Kisha, bila kugeuka: "Mama, maziwa yapo?"

"Wewe sema tu. Yapo tangu juzi ile."

Akaomba kadi. Aliiegemeza juu ya boneti ya gari, akaandika jina lake kamili, cheo chake, na tarehe, akapigia mstari chini kwa ukingo wa daftari langu.

Ijumaa saa sita mchana Bwana Mifugo alifika na gari la kazi na wanaume wawili wenye bunduki. Aliukuta mtaa wote umejipanga nje. Mbwa walikuwa wamefungwa kwa chochote kilichopatikana: mkanda wa suruali, utepe wa kupimia wa fundi, waya wa redio. Mwalimu alikuwa na kadi zote mkononi, anaita majina.

"Shemeji, Kamanda, Mjukuu na wengineo."

"Yupo," ziliitika nyumba tisa.

Bwana Mifugo alikagua kadi moja baada ya nyingine, akakagua rangi za migongo, akanitazama. "Na wale ishirini na sita wengine?"

Nilimweleza. Nilimweleza kuanzia mwanzo, kwa sauti ambayo hata nyumba ya mwisho iliisikia, na watu wakinikatiza kuongeza chumvi, nami nikiwaambia subirini nimalize. Aliposikia habari za abiria alilazimika kuegemea gari.

Mmoja wa wale wenye bunduki, jitu la mabega mapana lenye sharubu, alikuwa amepotea. Tulimkuta uani, bunduki ameiacha kwa mwenzake, amelala kifudifudi mbele ya lile tairi, uso pembeni, kiganja juu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

"Huyu mweusi," alisema, sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake, "akiacha kunyonya, ana mtu?"

Mwalimu alifungua daftari jipya ambalo kurasa zake zilikuwa tayari zimepigiwa mistari.

"Andika jina lako," alisema. "Lakini uko nyuma ya kinyozi na fundi cherehani, na kwangu hakuna kuruka foleni."

Yule jitu alijipangusa vumbi, akaenda kusimama nyuma ya fundi cherehani.